Kutamani moyoni na kuzini mwilini: vinakutana wapi, vinaachana wapi

Swali hili halikosi kuulizwa kwenye mafundisho ya ndoa na kwenye jumuiya za mitaani hapa Tanga: mtu akimtamani mke wa mwenziwe moyoni tu, asimguse wala asimwambie neno, je, amezini? Wapo wanaojibu upesi kwamba ndiyo, kwa kuwa Yesu amesema. Wapo wanaojibu upesi vilevile kwamba hapana, macho hayana pazia. Majibu yote mawili yameumiza ndoa na dhamiri za watu, kwa sababu yanalinganisha vitu viwili mahali penye vitu vitatu: wazo lililopita, tamaa iliyoridhiwa, na tendo lenyewe. Anayetaka kujipima, au anayemshauri mwenzake, aanze kwa kuvitenganisha hivyo vitatu.

Andiko na maneno yake

Mathayo 5:27-28, kwa tafsiri ya Biblia ya Union iliyomo katika nyumba nyingi, inasema: "Mmesikia kwamba imenenwa, Usizini, lakini mimi nawaambia, Kila mtu atazamaye mwanamke kwa kumtamani, amekwisha kuzini naye moyoni mwake."

Uzito wote uko kwenye "kwa kumtamani". Kigiriki cha Mathayo kinasema *pros to epithymesai*, na wafasiri wengi wanakichukua kama kusudi: anayetazama ili atamani. Wengine wanakichukua kama matokeo: anayetazama hata akatamani. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, lakini kwa mtu mwenye dhamiri nyepesi ni kubwa mno. Kwa usomaji wa kwanza, aliyeshtuliwa na tamaa hajahukumiwa bado. Anayehukumiwa ni aliyeitafuta. Sisi tunasimama na usomaji huo wa kwanza, kwa sababu mstari unaofuata unazungumzia jicho la kung'olewa, yaani kiungo ambacho mwenyewe anaweza kukitawala.

Kitenzi *epithymeo* chenyewe si kiovu. Ndicho kilekile Luka 22:15 anachokitumia Yesu anaposema ametamani sana kuila Pasaka pamoja na wanafunzi wake. Lakini ndicho pia kilichomo katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Kutoka 20:17, "usimtamani mke wa jirani yako". Kwa hiyo Yesu hakuleta sheria ngeni. Alizifunga pamoja amri mbili ambazo wasikilizaji wake walikuwa nazo tayari: usizini, na usitamani. Kuuona uzuri wa mtu hakujavunja yoyote kati ya hizo. Kuutaka uwe wako, na hali si wako, kumezivunja zote mbili.

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili chetu kinalifunika. Mathayo ana maneno mawili: *moicheia*, yaani kuivunja ndoa, na *porneia*, ambalo Union kwa kawaida inaliita uasherati. Kitenzi chetu "kuzini", tulichokipata kwa Waarabu, kinabeba yote mawili bila kuuliza nani ameoa na nani hajaoa. Ndiyo maana kijana asiye na mke, aliyemtamani msichana asiye na mume, akisikia mstari huu hudhani ameitwa mvunja ndoa. Kwa hesabu kamili, alichofanya moyoni kinaitwa uasherati wa moyoni. Hapo hajapata nafuu, kwani Mathayo 15:19 inataja uzinzi na uasherati kwa pamoja kuwa vinatoka moyoni. Ila jina sahihi lina kazi: akienda kuungama atalitaja, na mchungaji akimshauri atajua kama kuna ndoa ya mtu katikati.

Benchi la kahawa

Chukua benchi la kahawa pale Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Saa 11 jioni, kashata mkononi, bao limeanza. Anapita mwanamke amejifunga leso, kikapu cha samaki mkononi, asumini kichwani. Jicho limeona. Hapo hakuna kosa, la sivyo ingebidi wanaume wa mji huu waendeshe baiskeli wamefumba macho. Pumzi mbili baadaye moyo umeonja utamu: mwendo ule, shingo ile. Utamu huo haukuombwa, umekuja wenyewe.

Kuanzia hapo njia ni mbili. Mtu arudishe macho kwenye bao na kuchukua kete zake. Au ageuke mzima pale benchini, amsindikize kwa macho mpaka kona, aulize "huyu mke wa nani?", na usiku akiwa kitandani amrudie kwa makusudi, amvue leso ile kwa mawazo, na ajue kabisa kwamba asipoufuata mlango wa yule mwanamke ni kwa sababu tu mume hajasafiri.

Agostino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo kule Afrika ya Kaskazini, aliieleza njia hiyo mnamo mwaka 394 alipofafanua Hotuba ya Mlimani. Alitaja hatua tatu: wazo linaletwa, utamu unaonjwa, ridhaa inatolewa. Akazilinganisha na Mwanzo 3: nyoka analeta, Hawa anaonja, Adamu anaridhia. Kwake, mtu wa Mathayo 5:28 ni yule aliyefika hatua ya tatu, ambaye angetenda kama nafasi ingepatikana.

Kisha akaongeza mfano ambao hatujaona mwingine unaolijibu swali letu kwa usawa kama huo. Injili zinataja wafu watatu waliofufuliwa na Yesu. Binti Yairo alikuwa amekufa ndani ya nyumba: huyo ni mwenye dhambi ya moyoni. Mwana wa mjane wa Naini alikuwa amekwisha kutolewa nje ya lango: huyo ni aliyetenda. Lazaro alikuwa kaburini siku nne, ananuka: huyo ni aliyezoea. Wote watatu ni maiti, hata yule wa kwanza. Lakini maiti aliye chumbani mtaa haujamjua, jeneza halijapita barabarani, mama hajafuata nyuma akilia. Mauti ni yaleyale, lakini waliofiwa si walewale.

Vitatu vikiwekwa sambamba

| | Wazo lililopita | Tamaa iliyoridhiwa | Tendo |
|---|---|---|---|
| Limeanzaje | Limekuja lenyewe | Limekaribishwa, likakaliwa | Limetimizwa na mtu wa pili |
| Jina lake | Kishawishi, jaribu | Kuzini moyoni | Uzinzi, au uasherati kama hakuna aliye katika ndoa |
| Ni dhambi? | Makanisa yanatofautiana | Ndiyo, wote wanakubali | Ndiyo |
| Anayeumia | Bado hakuna | Mwenyewe. Taratibu na mwenzi wake | Wenzi wa pande zote, watoto, nyumba mbili |
| Sababu ya talaka? | La | La | Ndipo mabishano yanapoanzia |
| La kufanya | Geuza macho, endelea na kazi | Tubu, kata chanzo | Tubu, kata uhusiano, kapimeni wote wawili |

Safu ya mwisho inahitaji neno. Aliyetenda hana budi kupima VVU na magonjwa mengine ya zinaa, na kurudia kipimo cha VVU baada ya miezi 3, kabla ya kumrudia mwenzi wake kitandani. Aliyetamani tu hana deni hilo. Anayesema vitu hivi viwili ni kimoja kwa kila hali amesahau kwamba kimojawapo kinaweza kumfikisha kliniki mke asiye na hatia.

Ukubwa wa dhambi nao hautoshani. Katika Yohana 19:11 Yesu mwenyewe anamwambia Pilato kwamba aliyemtia mikononi mwake ana dhambi iliyo kubwa zaidi. Basi inawezekana mambo mawili yawe dhambi, na moja lizidi.

Makanisa ya hapa yanavyopima

Tanga ni mahali pazuri pa kulinganisha, kwa sababu Katoliki, Anglikana na KKKT, yaani Walutheri, wako jirani mno. Tofauti inaanza hata kwenye namba. Mkatoliki na Mlutheri wakitaja "amri ya sita" wanasema usizini. Kwa Mwanglikana na Msabato usizini ni ya saba. Watu wawili wanaweza kubishana nusu saa juu ya amri ya sita, mmoja akiwaza uzinzi na mwingine uuaji. Sala ya Baba Yetu nayo inawatambulisha: Mkatoliki anasali "usitutie katika kishawishi", Mlutheri "usitutie majaribuni".

Kwa Mkatoliki, wazo lililokuja lenyewe si dhambi hata lingekuwa chafu kiasi gani. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1546, ulifundisha kwamba tamaa ya asili inayobaki ndani ya mbatizwa imetokana na dhambi na inavuta kwenye dhambi, lakini yenyewe si dhambi. Ili liwe dhambi ya mauti lazima masharti matatu ya Katekisimu, namba 1857, yatimie kwa pamoja: jambo zito, ujuzi kamili, ridhaa ya makusudi. Likikosekana la pili au la tatu, kama mtu aliyekuwa nusu usingizini au aliyejikuta kwenye ndoto ya mchana akaikata alipozinduka, hapo si dhambi ya mauti. Lakini masharti yakitimia, Katekisimu hiyohiyo, namba 2380, inasema Kristo anauhukumu hata uzinzi wa tamaa tu.

Kwenye kitubio dhambi za mauti hutajwa kwa aina na idadi. Hapa ndipo wengi wanapokwama: ama wanasema "nimekuwa na mawazo mabaya", jambo ambalo halimwambii padre kitu, ama wanasimulia picha nzima, jambo ambalo halitakiwi. Yatosha hivi: "Nina ndoa. Kwa muda wa wiki mbili nimemtamani kwa makusudi mwanamke mwenye mume, karibu kila siku. Sijatenda." Sentensi tatu fupi, na zimebeba aina, idadi, hali ya ndoa ya pande zote mbili, na mpaka uliofikiwa.

Jambo moja la Kikatoliki lilizusha gumzo kubwa duniani. Tarehe 8 Oktoba 1980 Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba mume anaweza kuzini moyoni hata na mkewe wa ndoa, akimtazama kama chombo cha kutuliza haja zake. Wengi walidhani amekosea. Tunaona alilipeleka andiko mahali pake: kabla ya kuuliza huyu ni wa nani, uliza unamtazama kama mtu au kama kitu.

Upande wa Kilutheri, mizani ni nyingine. Ungamo la Augsburg, hati ya imani ya Walutheri ya mwaka 1530, katika ibara yake ya pili, linasema tamaa ya asili ni dhambi kwelikweli. Kwa hiyo hata wazo lisiloitwa ni ushahidi kwamba mtu anamhitaji Kristo kila siku. Hivyo Mlutheri hahangaiki kuhesabu kama ridhaa ilikuwa kamili au nusu. Anasimama na wenzake kwenye ungamo la ibada na kupokea msamaha. Hata hivyo Luther mwenyewe aliurudia msemo wa mzee mmoja wa jangwani, kwamba huwezi kuwazuia ndege wasiruke juu ya kichwa chako, lakini unaweza kuwazuia wasijenge kiota nyweleni. Kutengwa na kurudi kundini ni kwa kosa lililojulikana, na hakuna anayetengwa kwa wazo.

Waanglikana wa Dayosisi ya Tanga wamekaa katikati kwa namna ya pekee. Ibara ya 9 ya zile Ibara 39 za imani ya Kianglikana inasema tamaa ina asili ya dhambi, karibu na Walutheri. Lakini urithi wa wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, uliotoka Magila kule Muheza, uliwaachia desturi ya kuungama kwa padre, karibu na Wakatoliki. Mwanglikana wa hapa anayesumbuliwa na jambo hili ana milango yote miwili.

Kwa Wapentekoste mkazo uko kwenye utakaso na maombi. Nguvu yao ni kwamba hawamwachi mtu apambane peke yake. Tahadhari yetu ni moja: kila tamaa ikiitwa pepo la uzinzi, mtu hujiona hana lake la kufanya ila kusubiri kuombewa, ilhali Yakobo 1:14 inasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe. Mstari wa 15 unamalizia kwamba tamaa ikichukua mimba huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Wahenga walifupisha: tamaa mbele, mauti nyuma.

Jirani Mwislamu naye akisikia mjadala huu hashangai. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim jicho nalo lina zinaa yake, nayo ni kutazama, kisha tupu husadikisha au hukadhibisha. Huko pia jina limefika kwenye jicho, lakini adhabu ya zinaa haikufika huko.

Panapoharibika

Kosa la kwanza, na ndilo baya kuliko yote, ni la kusema: "Nimeshatamani, nimeshazini, basi bora nimalizie." Anayesema hivyo ameligeuza onyo kuwa kibali. Yesu ameionyesha njia ilipoanzia ili mtu ageuke mapema. Mtu akiambiwa moto umeshika pazia hamwagi mafuta ya taa kwa hoja kwamba nyumba imeshaungua.

La pili ni wasiwasi. Mtu anaungama Jumamosi, Jumatano amerudi, kila uso aliouona sokoni Mgandini umekuwa dhambi. Huyu asaidiwe kwa utaratibu: padre au mchungaji mmoja tu, si watatu, siku maalumu ya kuonana naye, na kanuni kwamba akiwa na shaka kama aliridhia au la, ahesabu hakuridhia. Kanuni hii haimfai mtu mwenye dhamiri ngumu, yeye anahitaji kinyume chake.

La tatu ni kuwalaumu wanawake na mavazi yao. Andiko limesema "jicho lako la kuume likikukosesha, ling'oe". Halikusema mfunike yeye. Na wanawake pia hutamani: mke wa Potifa, Mwanzo 39, alianza kwa macho kabla ya kulishika vazi la Yusufu.

La nne ni kulichukua neno la kung'oa jicho kama amri ya kujikata kwa kisu. Mwaka 325 Mtaguso wa Nikea, katika kanuni yake ya kwanza, ulimkatalia daraja mtu aliyejihasi mwenyewe akiwa mzima. Kipofu naye hutamani, kwa hiyo kung'oa jicho kungebakiza chanzo palepale. Siku hizi jicho la kung'olewa mara nyingi ni simu: ilale sebuleni ikichajiwa, ununue saa ya mezani ya kukuamsha, uache bando la usiku, na ufute namba ya mtu unayejua kabisa kwa nini umeihifadhi kwa jina la fundi.

La tano linagusa ndoa moja kwa moja. Mke anakuta picha chafu kwenye simu ya mumewe, anafungua Mathayo 5:28 na 5:32, anaunganisha: huyu amezini, mimi niko huru. Kuunganisha huko hakusimami. Katika mstari wa 32 Yesu anatumia *porneia*, neno tofauti, na kama tamaa ya moyoni ingevunja ndoa basi ni ndoa chache zingemaliza mwezi. Kanisa Katoliki halikubali kwamba hata tendo linaivunja ndoa halali ya wabatizwa iliyokwisha kukamilika, ingawa linaruhusu kutengana. Mapokeo ya Kilutheri yanakubali kwamba tendo linaweza kuivunja. Kwa tamaa peke yake hakuna upande wowote unaoivunja.

Sheria ya nchi nayo haimo moyoni mwa mtu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inautaja ugoni katika kifungu cha 107 kama moja ya mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na kifungu cha 72 kinaruhusu kudai fidia kwa aliyezini na mwenzi wako. Ugoni huo ni tendo. Tena kwa kawaida shauri la talaka halifiki mahakamani kabla ya kupita baraza la usuluhishi la ndoa, kifungu cha 101. Mke yule wa picha kwenye simu ana malalamiko ya kweli, na anastahili kusikilizwa, ila ayapeleke kama yalivyo: mume ana uraibu, anamdhalilisha, fedha za nyumbani zinakwenda kwenye bando. Hayo yana uzito wake bila kuitwa ugoni.

Ushike mizani ipi

Unapojipima mwenyewe usiku, tumia hatua tatu za Agostino, kwa maswali manne: nililitafuta au lilinijia? Nilipozinduka nililikata au nilikaa? Nilipanga lolote, hata kubadili njia ya kwenda kazini ili nipite mlangoni pake? Nafasi ingepatikana, ningetenda? Jibu la swali la nne ndilo linalokuonyesha uko chumbani kwa Yairo au bado uko mlangoni.

Unapoanza kujiona bora kuliko jirani aliyefumaniwa, weka hatua hizo kando, ushike mizani ya Kilutheri.

Na unapoulizwa na mume kama amwambie mkewe, mwambie hivi. Wazo lililopita asimpelekee. Atamtwika mzigo usio na kazi. Tamaa iliyoota mizizi juu ya mtu wanayeonana naye kila siku, jirani au mwanakwaya mwenzake, aipeleke kwanza kwa padre, mchungaji au mzee wa kanisa anayejua kunyamaza. Kisha amwambie mkewe kwa ufupi mambo matatu: ni nini, tangu lini, na nini amekwisha kukata. Jina la yule mwanamke asilitaje ila mkewe akiuliza, na asimweleze sura yake hata akiuliza, maana mkewe atakutana naye kesho kisimani.